Chai Isiyokuwa na Sumu

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti karibu, maana nitaeleza polepole na sitaki upotee njiani. Nitaeleza kwa hasira pia, lakini hasira yenyewe si yako. Hukunikosea lolote. Ukisikia sauti yangu inapanda, jua ninasema na mtu mwingine, na huyo hayupo hapa.

Ilikuwa miaka ya sabini, mjini Nakuru. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa chini wa mji, kule ambako upepo wa kiangazi huinua vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani na kulipaka kwenye madirisha. Walimu wachache, makarani wawili wa reli na muuguzi mmoja tulikuwa na kikundi cha kusoma. Tulisoma riwaya za upelelezi. Usicheke. Wakati ule ndipo zilipoanza kutoka kwa wingi kwa Kiswahili, vitabu vyembamba vya kuingia mfuko wa koti, na sisi tulikuwa tukinyang'anyana nakala moja hadi jalada linatoka. Mtu akikumalizia hadithi kabla hujafika mwisho, mlikuwa hamsalimiani wiki nzima.

Vitabu hivyo tulivinunua kwa mzee mmoja Kalasinga. Alizaliwa Nakuru, duka lake lilikuwa la babake, na alivisoma vyote kabla ya kuviuza. Ndiye aliyesema siku moja, akiwa amesimama mlangoni na kilemba chake cha rangi ya zambarau, "Mwalimu, kila siku nyinyi mnabishana na kitabu. Kitabu hakijibu. Kwa nini tusiwaite wenyewe waje wajibu?"

Hivyo ndivyo lilivyoanza lile tamasha la waandishi wa riwaya za upelelezi. Lilikuwa la siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa, katika ukumbi wa mji wenye sakafu ya mbao. Mpango ulikuwa rahisi: mwandishi anazungumza, anasoma kurasa chache, anaulizwa maswali, tunakunywa chai, tunarudi kwa mwandishi mwingine. Tulimwomba mkaguzi mmoja wa shule awe mwenyekiti, kwa sababu tulitaka mkutano uonekane mkubwa. Hilo halikutusaidia, kama utakavyoona.

Siku ya kwanza niliipenda, na nataka ujue niliipenda, usije ukadhani mimi ni adui wa vitabu hivi. Alizungumza mzee aliyewahi kuwa polisi kabla ya kuanza kuandika. Alitufundisha namna ya kuficha dalili. Alisema usiifiche pembeni, kwa sababu msomaji wa upelelezi huchungulia pembeni kwanza. Iweke wazi, katikati ya vitu vya kawaida. Mwambie msomaji kwamba mgeni aliingia na mwavuli, kofia na viatu vyenye tope, halafu hapo hapo mfanye mgeni aanze kulalamika juu ya bei ya sukari. Msomaji atakubaliana naye juu ya sukari, na tope atalisahau. Ukumbi wote ulicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto aliyeonyeshwa jinsi saa inavyozunguka ndani.

Hasira ni ya siku ya pili.

Ili uielewe, lazima nikuambie kwanza juu ya rafiki yangu. Tulikaa dawati moja shuleni tukiwa wasichana. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, yeye akaolewa Elburgon, ambako mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, mume alikutwa chini ya magogo. Kabari iliyoshikilia rundo ilikuwa imeteleza kwenye tope na magogo yakashuka. Polisi walikuja, daktari akapima, hakimu akasikiliza mashahidi, na wote wakasema jambo moja: ilikuwa ajali. Rafiki yangu alimzika mumewe, akawachukua watoto na kuhamia Dundori, kwenye shamba ambalo mumewe na baba mkwe walikuwa wamelipata pamoja. Akapanda viazi. Akafuga ng'ombe wawili wa gredi, wa maziwa. Alikuwa anaishi vizuri na baba mkwe wake, mzee mpole aliyependa chai ya jioni na hadithi za zamani.

Kisha kikaja kitabu.

Kitabu kilikuwa na kiwanda cha mbao kando ya msitu. Kilikuwa na mvua ya usiku kucha. Kilikuwa na mwanamume aliyekatika ncha ya kidole cha mkono wa kushoto, kama mume wa rafiki yangu, na mke mwenye mwanya na kitambaa cha buluu kichwani, kama rafiki yangu. Katika kitabu, mke huyo anampelekea mumewe chai kwenye thamosi yenye maua. Ndani ya chai ametia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mume anakufa, na mke na mpenzi wake wanamsukumia magogo ili ionekane ni ajali. Mpelelezi anakuja kutoka Nairobi, ananusa kizibo cha thamosi, na kesi inaisha. Kwenye jalada, chini ya picha ya mwanamke anayecheka vibaya, kulikuwa na maneno: Kisa cha Kweli.

Nilikisoma usiku mmoja na kukitupa ukutani. Nilidhani watu watajua ni uongo. Hapo nilikuwa ninafikiri kama mwalimu.

Nisikilize vizuri hapa, kwa maana ndipo penye kiini cha mambo. Kwa mzee kama baba mkwe yule, vitu vilivyopigwa chapa maishani mwake vilikuwa vichache: Biblia, cheti cha ubatizo, notisi ya korti, karatasi ya shamba. Kila kimoja kilikuwa kweli, na vingine vilikuwa na nguvu ya kukufukuza mahali. Uongo aliujua, lakini uongo aliujua kama kitu cha mdomo. Watu hudanganya wakiongea. Nani angeingia gharama ya mashine, wino na karatasi ili adanganye? Nani angemruhusu? Wazee wengi wa huku kwetu walifikiri hivyo, na hawakuwa wajinga. Walihukumu kwa karatasi walizokuwa wamewahi kuziona.

Shemeji wa rafiki yangu, ndugu mdogo wa marehemu, alilijua hilo. Alikuwa akilitamani shamba. Alikinunua kitabu, akakaa na babake jioni baada ya jioni, akamsomea. Hakuongeza neno lake hata moja. Hakuhitaji.

Rafiki yangu alikuja kwangu juma moja kabla ya tamasha. Alikuwa amesikia redioni kwamba waandishi wanakuja Nakuru.

"Huyo wa kitabu cha mbao naye atakuja?" akaniuliza kabla hajakaa.

"Atakuja. Jumapili."

"Basi nitakuja na mzee."

"Mzee anasema nini?"

"Hasemi kitu, dada. Hanitukani, hanifukuzi. Ila nikimpelekea chai jioni anasema, 'Weka hapo.' Naiweka. Asubuhi naikuta pale pale imeganda." Ndipo akakaa. "Wazee wa ukoo watakaa mwezi ujao waamue kama nibaki shambani. Mzee ndiye atakayesema neno la mwisho. Ameniambia, 'Sitamwuliza mwanangu, sitakuuliza wewe. Nipelekeni kwa mwenye kitabu. Nitasikia kwa mdomo wake.'"

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kumaliza jambo lile kwa sentensi moja, na alikuwa anakuja kwetu kwa hiari yake, kunywa chai yetu.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa. Rafiki yangu aliingia na baba mkwe wake, mzee mrefu mwenye koti la zamani la jeshi na kofia mkononi. Kitambaa cha buluu rafiki yangu alikuwa ameacha kukivaa tangu kitabu kitoke. Alivaa cha kahawia. Haikusaidia. Nilisikia minong'ono ikitembea kwenye viti, na kijana mmoja wa safu ya nyuma akapaza sauti, "Mama, leo umekuja na thamosi?" Wenzake wakacheka. Yule mzee Kalasinga aligeuka akamwambia, "Wewe, kitabu changu umesoma ukiwa umesimama dukani, hata hujanunua. Nyamaza." Wakacheka tena, safari hii wakimcheka kijana. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mzee wa Dundori alikuwa amelisikia.

Mwandishi alikuwa kijana, suti ya kahawia, miwani ya jua ndani ya nyumba. Alisimama akashika meza kwa mikono miwili kama mhubiri.

"Ndugu zangu," alisema, "watu wananiuliza, unatunga vipi? Nawaambia, mimi situngi. Mimi nachukua. Nimetembea kwenye msitu ule, nimeongea na watu wale. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote ni kweli tupu!"

Makofi. Nilimtazama mzee. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia hukumu aliyoitarajia. Rafiki yangu hakumtazama. Alikuwa amekaza macho kwa mwandishi, bila kupepesa.

Wakati wa maswali ulipofika, mwenyekiti alisimama na kutangaza kanuni ambayo jana haikuwapo. Maswali yaandikwe kwenye karatasi. Yaandikwe kwa Kiingereza. Yapelekwe kwake ayachuje, "ili mkutano uwe na heshima." Jana, kwa yule mzee wa polisi, tuliuliza kwa mdomo na kwa lugha tuliyotaka. Leo kulikuwa na mgeni wa ofisi fulani kutoka Nairobi safu ya mbele, na mwenyekiti alitaka kuonekana mbele yake. Hebu fikiria. Kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili. Mwandishi amezungumza kwa Kiswahili. Waliokuja wamekuja kwa sababu ya Kiswahili. Na mwanamke ambaye maisha yake yote yamo ndani ya kile kitabu haruhusiwi kuuliza mpaka apate mtu wa kumtilia swali lake katika lugha nyingine.

Nilimwandikia. Swali lilikuwa fupi: Je, ni kweli kwamba mke alitia sumu kwenye chai, au wewe ndiye uliyelitunga jambo hilo? Mwenyekiti alilisoma, akalikunja, akaliweka chini ya bilauri yake ya maji.

Kisha akasoma mengine. Mtu aliuliza mwandishi hutumia kalamu ya aina gani. Mwingine aliuliza kama mpelelezi ataoa katika kitabu kijacho. Mwandishi alijibu yote kwa furaha. Mpelelezi, alisema, bado anafikiria. Nilijikuta nimeshika kiti kilichokuwa mbele yangu kwa nguvu hadi aliyekikalia akageuka.

Kwenye mapumziko nilimfuata mwenyekiti mezani.

"Bwana mwenyekiti, kuna swali hujalisoma."

"Nimeliona, mwalimu. Halihusu fasihi. Ni mambo ya kifamilia."

"Familia hiyo imo kitabuni. Mama mwenyewe amekaa pale."

"Ndiyo sababu. Unataka wagombane hapa mbele ya mgeni?" Akachukua samosa. "Wewe jitayarishe. Una neno la shukrani mwishoni. Liwe fupi na liwe tamu."

Nikaenda kwa mwandishi mwenyewe. Alikuwa peke yake karibu na dirisha, amevua miwani, na bila miwani alionekana mdogo kuliko nilivyofikiri. Nilijaribu kuwa mpole. Kwa kawaida mimi ni mtu wa upole. Ukifundisha watoto wadogo unajifunza kwamba kelele hazielezi kitu. Nikamsifia jinsi alivyoeleza mvua. Sikuwa ninadanganya, aliieleza vizuri. Kisha nikamwuliza ile chai aliipata wapi.

Alicheka. "Chai? Hiyo ni yangu, mwalimu! Unajua mimi nilipita tu Elburgon. Tulisimama kula, nikasikia watu wa hoteli wakizungumza juu ya mtu aliyeangukiwa na magogo. Nikajiambia, hapa pana kitabu. Lakini utafanyaje? Magogo hayawezi kufungwa jela. Msomaji anataka mtu."

"Ukamchagua mke."

"Wasomaji hawamshuku mke anayebeba chai. Ndiyo uzuri wake. Halafu mtu akanionyesha mjane akipita barabarani, kitambaa cha buluu, mwanya. Nikasema, huyo huyo."

Nataka uone alichokifanya, kwa sababu hata leo ninaweza kukieleza bila kukosea hatua. Hadithi ya upelelezi inahitaji mwuaji. Ajali haina mwuaji, kwa hiyo ajali lazima ibadilishwe iwe mauaji. Mwuaji lazima awe mtu tunayemjua tangu mwanzo na ambaye hatumshuku. Kwenye kisa kile, mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: yule aliyempenda marehemu na kumpelekea chai. Hakuna ubaya wowote kwa mtunzi kufanya hesabu hiyo. Ubaya ni kumchukua mwanamke anayepita barabarani, mwenye watoto, kumbandika kwenye hesabu yako, kisha kuandika juu yake kwamba ni kweli.

"Yule mama yuko hapa," nikamwambia. "Na yule mzee ni baba mkwe wake. Anaamini kila neno lako. Wanataka kumtoa shambani. Simama useme ulitunga. Ni sentensi moja tu."

Alitazama ukumbini, akamwona. Unajua alisema nini? Alisema, "Kweli amekuja? Mwite nimtilie sahihi nakala yake."

Sikumwita.

"Mwalimu," akaendelea, sasa akiongea chini, "nikisema nimetunga, nani atanunua? Maneno yale ya kwenye jalada ndiyo yanayouza. Sikuyaweka mimi peke yangu. Na kitabu hakina jina lake popote. Avumilie. Baada ya mwaka watu watasahau."

Kengele ikalia, akavaa miwani yake, tukarudi kwenye viti.

Sasa nitakueleza jambo la kwetu. Katika mikutano yetu, iwe ya shule, ya kanisa, ya ushirika wa maziwa au ya harambee, sehemu zote zinaweza kukatwa. Hotuba inaweza kukatwa, maswali yanaweza kukatwa, hata chakula. Neno la shukrani halikatwi. Mtu akisimama kushukuru, mnatulia, na kila akimshukuru mtu mnapiga makofi. Mnapiga hata kama hamkusikia amemshukuru nani. Mwenyekiti anayemkatiza mtu anayeshukuru anajiaibisha yeye. Nilikuwa nimekaa pale na hasira yangu, nikifikiri sina nafasi, na kumbe mwenyekiti mwenyewe alikuwa amenipa nafasi pekee ambayo hangeweza kuninyang'anya.

Nikasimama.

"Bwana mwenyekiti, wageni waheshimiwa, wazazi," nilisema, "nashukuru kwanza watu wa jikoni kwa chai na samosa." Makofi. "Nashukuru duka la vitabu." Makofi, na yule mzee Kalasinga akainua mkono. "Na namshukuru sana mgeni wetu mwandishi. Wakati wa chai amenifundisha zaidi ya alivyotufundisha hapa mbele, na si haki nibaki na mafunzo hayo peke yangu." Makofi. "Namshukuru kwa kunieleza kwamba Elburgon alipita tu, akasimama kula." Wakapiga makofi kwa mazoea, halafu makofi yakapungua katikati, kama mvua inayosita. "Namshukuru kwa kunieleza kwamba habari ya magogo aliisikia hotelini. Na zaidi ya yote namshukuru kwa kuniambia kwamba ile chai yenye sumu ni yake. Aliitunga. Mke hakutia kitu."

Hapo aliyepiga makofi alikuwa mmoja tu, mtu wa nyuma aliyekuwa amesinzia.

Mwenyekiti alikohoa. Akakohoa tena. Mwandishi akainuka akicheka, mikono juu. "Mwalimu ananitania. Hizo ni siri za kazi."

"Kijana."

Ilikuwa sauti ya mzee wa Dundori. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. Hakupaza sauti na hakuhitaji.

"Mimi sijui siri za kazi. Nimetoka Dundori kuja kukuuliza kitu kimoja. Ile chai. Uliiona?"

"Mzee wangu, sanaa ni kama..."

"Uliiona?"

"Mwandishi haoni kwa macho tu, mzee, anaona kwa..."

"Bwana, jibu mzee!" alipayuka mwenye duka kutoka nyuma. "Ndiyo ama hapana! Kwani ni mtihani?"

Watu wakaanza kuguna. Mwandishi akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama bilauri yake. Yule mgeni wa Nairobi, ambaye kwa ajili yake tulikuwa tumeambiwa tuandike Kiingereza, alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake na kumwangalia mzee.

"Sikuiona," alisema mwandishi.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna."

"Sasa ilitoka wapi?"

"Niliitunga, mzee."

"Na sumu?"

"Na sumu."

"Na huyu mtoto wangu, unamjua?" Alimwonyesha rafiki yangu kwa kofia.

"Simjui."

Mzee alivaa kofia yake. Nilidhani atamtukana, na nilitamani amtukane. Lakini aligeuka tu kwa mkwe wake akasema, "Umesikia. Nami nimesikia. Twende, gari litatuacha." Wakatoka katikati ya viti, yeye mbele, rafiki yangu nyuma. Alipopita kando yangu alinishika mkono, akaubana, akaenda.

Ungefikiri hasira yangu iliishia hapo. Nami nilifikiri hivyo kwa muda wa kutosha kukaa chini. Kisha mwenyekiti akafunga mkutano kwa sala, na watu wakaenda kupanga foleni. Foleni ya nini? Ya kununua kile kitabu. Walikuwa wamemwona mke wa kitabuni kwa macho yao, na sasa kila mtu alitaka nakala. Mwandishi alikaa mezani akitia sahihi hadi jua likaanza kuzama. Mwenye duka alinipita na sanduku tupu. "Mwalimu, vyote vimeisha," akasema. "Sijui nicheke ama nilie."

Rafiki yangu alibaki shambani. Wazee wa ukoo walipokaa, baba mkwe wake aliwaambia kwamba amesikia kwa mdomo wa mwenye kitabu, na madai ya shemeji yakaishia hapo. Nililipata hilo, na sitaki kulidharau. Watoto wake walikulia pale, na viazi vya Dundori vililipa karo yao.

Lakini nilipokwenda kumtembelea baadaye, watoto wale walikuwa wamekataa kupeleka chai shuleni kwa chupa, kwa sababu ya yale waliyokuwa wakiitwa. Kitabu kilipigwa chapa tena, na maneno ya kwenye jalada yalikuwa yameongezwa ukubwa. Na mzee? Nilimwuliza rafiki yangu jikoni kwake, tukimenya viazi.

"Mzee ni mzuri kwangu," alisema. "Amewaambia watu wote mimi sina kosa. Amenipa hata sehemu ya juu, ile ya kisima."

"Na chai?"

Aliendelea kumenya. "Anasema, 'Weka hapo.'"

"Bado?"

"Si yeye, dada. Yeye anajua. Ni mkono wake tu haujui."

Mzee alifariki miaka michache baadaye. Kwa kadiri ninavyojua, hakuinywa tena chai ya mkwe wake. Hili ndilo ambalo sijawahi kulisamehe na ambalo sina mpango wa kulisamehe. Mwandishi aliliondoa neno lake mbele ya ukumbi mmoja, jioni moja, kwa sababu alilazimishwa. Kitabu kiliendelea kuingia nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kusimama kuuliza. Na hata pale lilipoondolewa, palibaki kitu ambacho hakikutoka.

Bado napenda riwaya za upelelezi. Nimefundisha vijana kadhaa kuziandika, na kama wewe unaandika, nakutia moyo kwa moyo wote: andika, tunga, ua watu kadiri upendavyo kwenye karatasi. Ukichukua kifo cha jirani, basi badilisha kiwanda, kidole na kitambaa, hadi mwenye msiba asome bila kujiona. Na neno "kweli" liachie magazeti.

Kama wewe ni msomaji tu, una kazi pia, na si ngumu. Siku mwandishi atakapokuja mjini kwenu na kusema kitabu chake ni kisa cha kweli, mwache amalize. Kisha simama, kwa lugha unayoijua vizuri, umwulize ni sehemu ipi aliyoitunga. Usikae mpaka akujibu.